Siku Mama Agnès Alikata Njia ya Maziko

Mi si muntu ya kushangaa ovyo. Nauza unga, mafuta na maharagi kwa jumla hapa Ruashi toka zamani, na mu ile kazi unaona yote. Nimeona camion imepinduka, bantu banakimbilia mizigo mbele ya kumutoa chauffeur. Nimeona mukubwa moja ya serikali anapiga magoti mu dépôt yangu juu ya gunia ya muchele. Sikushangaa. Lakini Mama Agnès Ngosa, ule mama ya malewa, anayepikia bantu chakula ya kuuza, alinifungua kinywa, na mpaka leo sijaifunga vizuri.

Jina yangu ni Kahambu. Niko Munande, muntu ya Butembo, mashariki ya inchi. Nilikuja Lubumbashi na bwana yangu tungali bijana, bwana akafwa, dépôt ikabaki, na mi nikabaki nayo. Bantu ba hapa banasema niko na kinywa muchungu, na habadanganye. Muntu akikuja kubishana bei asubui muzima juu ya chupa moja ya mafuta, namufukuza. Nakuambia hivi ili ujue ni nani anakuelezea, usidhani niko mama moja ya kanisa anayesifu kila muntu.

Basi, Mama Agnès. Baba yake alitoka kaskazini ya Katanga, alitumikia njia ya treni. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akaolewa na Floribert, mufanyakazi ya mugodi. Wakati mugodi ya serikali ilianguka na mishahara ikakauka, Floribert hakukaa nyumbani kuhesabu mbavu. Alikusanya batoto ba mutaa ku kiwanja ya udongo mwekundu nyuma ya malewa ya bibi yake, akabafundisha mpira. Bantu balibacheka juu batoto balikuwa banarudi nyumbani bekundu toka kichwa mpaka vidole. Balibaita "batoto ba vumbi". Floribert akasema sawa, hiyo njo jina ya équipe: Vumbi.

Floribert alikufwa. Siku ya kumaliza kilio, bandugu baligawa bintu yake: huyu koti, huyu radio, huyu kinga, ile baiskeli yake. Filimbi yake haikuombwa na muntu. Mama Agnès akaikamata, akaivaa mu shingo, akarudi ku jiko.

Na toka ile siku ungemuona! Anasonga bukari na mikono mbili, filimbi mu meno, macho ku kiwanja. "Kalaba! Ile muguu ni yako ao uliazima?" Kalaba alikuwa mujukuu yake, capitaine ya Vumbi, kijana murefu, mukimya. "Musonda! Golikipa anaruka, hasubiri mpira imusalimie!" Wateja banakula sombe na samaki banacheka, yeye hacheke. Kisha mazoezi, kila mutoto alipata sahani. Sijue alifanya namna gani. Mi niko muntu ya hesabu, na ile hesabu haikuingia mu kichwa yangu.

Kama unataka kuelewa bidii yake, angalia tu upande ya machimbo. Hapa kwetu kijana akianza kuota ndevu, mashimo inamuita. Anashuka na tochi mu kichwa kutafuta mawe ya cobalt, na siku ingine udongo inafunga na hapande tena. Mama Agnès aliogopa kintu moja tu, paka hii. Alisema kijana mwenye match siku ya Mungu, siku ya kanisa, hawezi kushuka mu shimo siku ya posho inayoitangulia. Ligi ya batoto ya Ruashi, kwake, ilikuwa kamba ya kubashikilia juu.

Sasa, ndugu yangu Kataliko njo alikata ile kamba. Niseme wazi.

Kataliko ni mudogo yangu, muntu ya akili na ya haraka. Dépôt yake kubwa ilikuwa Goma, ingine hapa. Alifungua Centre Espoir, shule ya mpira ya kulipa. Na alifanya vizuri, sitamusingizia: nyavu mu magoli, mipira mipya, mwalimu moja hodari jina Bénit, na ukuta ya mabati kuzunguka kiwanja. Bazazi balilipa kila mwezi, na yeye alipata faida. "Dada," aliniambia, "mpira iko biashara kama maharagi. Siku moja bantu ba Ulaya batakuja kununua." Lakini hakupenda batoto bake ba viatu bipya bacheze na bale ba Vumbi bachafu. Akaenda kuongea na comité ya ligi. Comité ikaandika sheria.

Nilikuwa pale siku sheria ilisomwa, ku parcelle ya nyumba ya président, Mzee Mukuka. Président ya ligi ya Ruashi, anakaa Makomeno, mutaa ya bakubwa, mu kivuli! Basi. Alisoma na sauti ya polepole: kila équipe ikuwe na kiwanja ya kufungwa na ukuta, maillot, nguo ya kuchezea, ya rangi moja, viatu kwa kila mutoto, caution, feza ya dhamana, ilipwe mu mikono ya comité, na muntu mukubwa ya kuisimamia. Équipe isiyo nayo, haingie.

Mama Agnès alisimama. "Mzee Mukuka, hii ligi ulianza na bwana yangu. Mulichora mistari ya kiwanja na majivu ya jiko yangu. Umesahau?"

"Mama, sijasahau," Mzee Mukuka alisema, lakini hakumuangalia. "Ni wakati imebadilika."

Na mi, Kahambu, nikapiga kelele kutoka nyuma: "Mama ya bukari anajua nini ya mpira?" Bantu bakacheka. Mama Agnès akageuka polepole, akanitafuta na macho mpaka akanipata.

"Kahambu, ya mpira sijue mingi," alisema. "Lakini maharagi yako iko na mawe."

Akaenda zake. Balicheka tena, na ile mara balinicheka mi.

Ligi ikaanza bila Vumbi. Siku ya Mungu, batoto bake balikuwa banapanda juu ya ukuta ya Centre Espoir, banakaa pale kama kuku juu ya fito, banaangalia benzao banacheza. Mulinzi akibafukuza upande huu, banapanda upande ule. Kisha miezi kidogo Musonda, golikipa, hakuonekana tena juu ya ukuta. Alishuka ku mashimo. Mama Agnès alienda kumutafuta mpaka kwenye shimo yenyewe, na filimbi yake mu shingo, akaita jina yake mu giza ya chini. Musonda alipanda, akamusalimia na heshima, akashuka tena. Nyuma ya ile, Kalaba alimuambia nkambo yake: "Nasubiri ligi ingine ifunguke. Kama hatuingie, na mi nitaenda." Mama Agnès alinieleza ile maneno yeye mwenyewe siku nyingi kisha.

Kisha vita ya kwetu mashariki ikaanguka juu ya kichwa ya kila muntu. Goma ilikamatwa. Dépôt ya Kataliko ilivunjwa, balibeba mpaka milango. Banki zikafunga. Simu zikalia, kisha zikanyamaza. Hapa nako mugodi zikapunguza bantu, na bazazi ba Centre Espoir balikuwa bantu ba mugodi. Habakulipa tena. Bénit akaenda kutafuta kazi upande ya Zambia. Mabati ya ukuta ikaanza kupotea usiku, moja-moja. Na comité, ile yenyewe ndugu yangu aliifundisha kuomba, ikamuambia: Kataliko, caution ya mwaka mupya iko wapi? Hauna? Basi, haingie. Nilimuona mudogo yangu amekaa mu dépôt juu ya magunia tupu, anatazama viatu bake. Nilitaka kumutukana, nikashindwa.

Wakati ile tulienda Luano, ku uwanja ya ndege, kumupokea Gradi, mutoto ya dada yetu. Yeye na mama yake balikimbia risasi, balizunguka kwa mayi na kwa barabara mpaka bakapata ndege. Alishuka na sandale moja. Hakusema na muntu. Mpira ya zamani ya Centre tu njo alikubali kugusa, akalala nayo mu mikono.

Sasa sikia.

Karibu na kufunguka kwa ligi mupya, mama ya Mzee Mukuka alikufwa, Mama Deborah, muzee kabisa. Kilio ikawekwa Makomeno. Mi nilienda na maharagi na unga, na nikatoa camionnette yangu ya kubeba sanduku ya maiti, juu hata kama nina kinywa muchungu, kilio ni kilio. Ninaingia mu parcelle, ninaona nini? Mama Agnès amekaa mu fauteuil ya Mzee Mukuka! Miguu juu ya meza! Anapiga kelele: "Bia ya mbuzi iko wapi? Munazika muzee na munanyima wageni? Lakini sishangae. Huyu Mama Deborah alikuwa ananyima hata chumvi! Jirani akiomba chumvi, anazima taa!"

Yesu wangu! Nikamuuliza Mzee Kapya, noko ya Mzee Mukuka, mujomba yake, aliyekuwa amekaa karibu na moto: "Huyu mama ameingiliwa na pepo? Anatukana maiti!"

Mzee Kapya akacheka, machozi mu macho. "Mama Kahambu, hii iko desturi yetu. Kwa upande ya mama yake, Agnès ni ukoo ya mbuzi. Sisi tuko ukoo ya chui. Chui anakula mbuzi, njo maana tunataniana toka mababu. Mu kilio ya chui, mbuzi njo anapika, anachimba kaburi, anatukana, anatuchekesha ili tusifwe na huzuni. Na chui hawezi kukasirika. Akikasirika, ni haya ya ukoo muzima. Kesho utaona, batakata njia ya sanduku. Mbuzi akikata njia, hatutembee mpaka apewe kile anaomba. Ni kuku, ao bia. Tunacheka, tunaenda."

Kesho tulitoka. Chauffeur yangu Caleb ku volant, mi pembeni yake, sanduku nyuma, bantu banaimba na kutembea. Tunafika ku kiingilio ya makaburi, Caleb anakanyaga frein mpaka kichwa yangu inagonga kioo. Mama Agnès amelala mu njia! Kabisa mu udongo, mikono juu ya kifua kama maiti ya pili. Na amevaa koti ya Mzee Mukuka, ile ya comité, na tie yake. Ile asubui alikuwa ameziiba mu kabati.

Mi, hata kama Mzee Kapya alinieleza, damu ilipanda. Nikashuka. "Mama, uko na wazimu? Amuka! Hii ni gari yangu!" Nikamukamata mukono, nikavuta. Yeye akanyoosha ule mwingine na akaninyang'anya kilemba ya kichwa. Bantu bakaangua kicheko. Mzee Kapya akanivuta pembeni: "Uliingia mu mambo ya mbuzi na chui, kilemba ilienda. Nyamaza." Nikabaki pembeni, nywele nje, hasira imenijaa mpaka hapa.

Mama Agnès akasimama. Akapiga filimbi ya Floribert. Nyimbo zikakatika.

"Président iko wapi?" aliuliza. "Na huyu muntu mu sanduku anaenda wapi?"

Mzee Mukuka alikuja mbele na kuku mu mukono, amechoka na kulia. Alijikaza kucheka vile desturi inataka. "Anaenda kuzikwa, mbuzi. Kamata kuku yako, tupite."

"Kuku nitakamata kisha. Kwanza comité ikague." Akaanza kuzunguka camionnette, mikono nyuma, tumbo mbele, polepole, sawasawa na mutembeo ya Mzee Mukuka. Bantu balianguka na kucheka, hata bafiwa. "Huyu muchezaji mupya iko na maillot?"

"Iko na nguo yake ya kanisa."

"Ya rangi moja na bale balio ndani?" Akaonyesha makaburi. "Hmm. Viatu?"

"Hatukumuvalisha viatu, mbuzi."

"Mama yo! Anataka kuingia bila viatu!" Akajifanya anaandika mu kiganja. "Caution ililipwa?"

Pale kicheko ilianza kupungua. Bale ba Ruashi balikuwa bameelewa. Niliona Kalaba kati ya bijana balioshika majembe ya kaburi, ameinamisha kichwa.

"Haikulipwa? Na muntu mukubwa ya kumusimamia iko wapi? Hakuna?" Akatengeneza tie, akasoma ile kiganja yake na sauti ya polepole, ile yenyewe tuliisikia siku ya sheria. "Basi comité inasikitika. Huyu mama haingie. Arudi. Apande juu ya ukuta, akae pale aangalie benzake."

Hakuna muntu alicheka. Nilisikia kuku mu mukono ya Mzee Mukuka inapiga mabawa, ile tu.

"Agnès," alisema, "huyu ni mama yangu."

"Najua. Hana caution."

"Udongo haiombe caution!" Alilia na nguvu, karibu kukasirika, Mzee Kapya akamushika bega. Na mi niliona ile maneno inatoka kwake, inazunguka, inarudi kumupiga mu uso. Sijaona kintu kama ile mu maisha yangu. Muzee mukubwa, président, alisimama mbele ya sanduku ya mama yake na akasikia sheria yake mwenyewe. "Udongo inapokea kila muntu," alisema, sauti imekwisha.

"Bale ba nyuma habakusikia."

"Inapokea kila muntu!" Na akalia kabisa, kuku ikamutoroka. Mama Agnès naye alikuwa analia, mu koti ya muntu, tie imeenda kando.

"Basi mbuzi anaomba," alisema. "Ligi ya batoto ifunguke vile ile udongo inafunguka."

"Batoto bako bacheze," Mzee Mukuka alijibu. "Siku ya Mungu, bacheze. Nimesema mbele ya mama yangu."

Bamama bakapiga vigelegele pale ku makaburi, na mi nilidhani imekwisha. Nikarudi upande ya gari. Lakini Mama Agnès hakutoka mu njia.

"Bangu?" alisema. "Mbuzi alisema bangu tu?" Akainua mukono akanionyesha mi, na kilemba yangu mwenyewe! "Na bale ba ndugu yake huyu? Mulibafungia nabo. Kuna mutoto pale alikimbia risasi na sandale moja. Ligi ni ya nani?"

Muntu tuliyemucheka mbele ya comité! Muntu tuliyepandisha batoto bake juu ya ukuta! Alikuwa na kintu moja ya kuomba, moja tu, mbele ya bantu bote, na ndani ya ile moja alituwekea nafasi.

"Bote," Mzee Mukuka alisema. "Bacheze bote."

Njo akatoka mu njia. Akavua koti, akamurudishia mwenyewe, akachukua jembe. Sanduku iliposhuka, alipiga magoti ku ukingo ya kaburi. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Ingia, Mama Deborah," alisema chini-chini. "Ile ya chumvi nilikusingizia. Ulinipa kila mara." Kisha akaanza kufukia, na Kalaba akamufuata.

Siku ya Mungu, mistari ya kiwanja ilichorwa na majivu ya jiko ya Mama Agnès. Mzee Mukuka mwenyewe njo alimwaga, ameinama na ndoo. Kataliko alitoa mabati iliyobaki, akaitengeneza benchi. Batoto balicheza na viatu, na bila viatu, na Gradi na ile sandale yake aliifunga na kamba. Kalaba alikuwa capitaine. Hakushuka ku mashimo. Mu magoli ya Vumbi nilimuona Musonda, udongo ya shimo ingali mu masikio.

Na unajua nani alifunga? Gradi. Katikati ya miguu ya Musonda. Centre Espoir ilishinda, na mutoto aliyekuwa hasemi alipiga kelele mpaka akakauka koo.

Mama Agnès alikasirika! Alimutukana arbitre, alimutukana Musonda, alitukana majivu. Kisha akavuka kiwanja, moja kwa moja kwangu, kilemba yangu mu kichwa yake, akasimama mbele yangu.

"Kahambu! Ule mutoto yako, miguu kama vijiti, na amenichapa! Kesho umulete ku malewa akule. Sitaki tena kuchapwa na mutoto ya njaa."

Nilimupeleka. Nilibeba na gunia ya maharagi. Usiku muzima nilikuwa nimekaa chini mu dépôt, natoa mawe, moja-moja, na mikono yangu.